Walikuwa Wanachimba Nini?

"Kamyo inaondoka saa sita," Kapiteni Albert alisema, na hakuketi. "Iko fasi ya mutu mumoja. Uniletee mwenye aliua Mbusa, ao nitabeba Jules."

"Jules hajafika mbele ya tribinali."

"Njo maana nimekupatia masaa ine, Mama OPJ."

Akatoka, na mlango wa mbao ukabaki unacheza nyuma yake. Béata Uwingabire aliutazama mpaka ukatulia. Alikuwa afisa wa upelelezi wa polisi, OPJ kama wanavyoitwa huku, na mali yote ya ofisi yake hapo Rubaya ilikuwa meza, daftari, na muhuri aliouficha ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiunyeshee. Pingu zilikwenda na mtangulizi wake. Tangu Februari watu wanne walikuwa wamepandishwa kwenye lori la kapiteni kwenda makao ya brigedi, na mpaka leo hakuna aliyerudi hata kuchukua viatu vyake. Jules angekuwa wa tano.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jana Jumapili, kuanzia saa nane mpaka saa kumi, picha ilionyeshwa katika ukumbi wa video wa Mama Régine Mbambu, mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Nyuma ya ukumbi kuna stoo ya jenereta. Humo ndimo kaka yake, Mbusa, dereva wa malori ya njia ya Mubi, alipokutwa amelala kifudifudi, kisogo kimepasuliwa kwa nyundo ya wachimbaji. Simu yake ya setilaiti, Thuraya, ilikuwa imetoweka. Aliyemkuta ni Jules, mfasiri anayezifasiri filamu kwa maikrofoni picha ikiendelea, na alipotoka akipiga kelele mikono yake ilikuwa na damu. Asubuhi ya siku hiyohiyo nusu ya soko ilimsikia akigombana na marehemu.

Damu, ugomvi, na maskini asiye na mtu wa kumtetea. Wangapi wamenyongwa kwa machache kuliko hayo!

Shahidi wa kwanza alikuwa ameshafika, tena kabla ya kuitwa. Théogène Nshimiyimana, mkuu wa wapagazi wanaoshusha magunia ya madini ya koltani kutoka mlimani, aliingia akiuburuta mguu wa kulia ndani ya bote lake refu la mpira.

"Mwaramutse, Mama," alisalimu kwa Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwao wote wawili.

"Zungumza Kiswahili, naandika. Mguu una nini?"

"Jiwe iliniangukia mu shimo. Itapona."

"Jana saa nane ulikuwa wapi?"

"Ku video. Benchi ya tatu, toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa wimbo ile murefu, Jules akatoka. Akarudia anatoka jasho, anajipanguza mikono ku pantalo. Nikajiuliza: huyu ametoka kulima?"

"Filamu ilikuwa gani?"

"Filme ya Muchanga."

Kalamu ya Béata ilisimama. Aliijua. Ilikuwa kaseti ya zamani mno, ya nyimbo na mapenzi, yenye pwani ya mchanga mweupe ambapo mji unaota mbele ya macho yako: leo kibanda kimoja, kesho hoteli ya ghorofa tano, watu wanacheza juu ya ngazi za waashi. Aliiona mwezi wa nne kambini Lushebere, shuka limetundikwa ukutani, yeye amekaa chini kando ya mama yake, Nyiransabimana.

"Nisimulie," alisema.

Théogène alisimulia bila kukwama. Watu wanachimba mchanga, wanajenga misingi ya nyumba zao. Walikuwa wamekimbia vita, sasa wanarudi kwao. Msichana anayeuza kofia anamngoja mama yake. Injinia anampenda, yeye anakataa kuolewa kabla mama hajafika. Mwishoni meli inakuja na wale wote waliobaki nyuma, mama anashuka na ufunguo wa nyumba mkononi, ndipo wanaimba.

Ndivyo ilivyokuwa. Neno kwa neno. Béata alijiona yuko tena Lushebere kando ya mama yake, akaona aibu, akainamisha kichwa kwenye daftari. Akaandika yote. Théogène akatia sahihi, naye akagonga muhuri juu yake, moyo ukimwambia kwamba mtu huyu hakudanganya kitu. Kosa kubwa la asubuhi hiyo alilifanya hapo, tena kwa muhuri.

Saa tatu na nusu alikuwa mbele ya kasho, chumba cha mawe kisicho na dirisha. Jules alikuwa amechuchumaa, kijana mwembamba wa sauti nzito, sauti ambayo ungedhani imeazimwa kwa mtu mnene.

"Mligombana nini na Mbusa?"

"Filme, Mama OPJ. Yeye alitaka ya bunduki. Anasema bachimbaji bananunua tikiti juu ya bunduki. Mimi nikasema, bunduki si banaiona bure kila siku? Mama Régine akanikubalia. Njo ile tu."

"Ulitoka kwenye wimbo mrefu?"

"Kila mara natoka. Wimbo haina tafsiri, naacha baimbe. Naenda kutia mazutu mu jenereta, ile groupe ya stoo."

"Mbusa alikuwa hai?"

"Muzima kabisa! Alikuwa ameshika Thuraya yake, anaangalia manimero. Akaniambia, 'Jules, kuna mutu anaazima simu yangu kimyakimya. Ile kamyo ya shofere mwenzangu Raphaël, yenye majambazi walichoma ku njia ya Walikale, njo huyu aliiuzisha kwabo. Leo nitamushika.' Nikamuuliza nani. Akasema, 'Rudia ku mikro, filme inaisha.'" Jules alijipangusa uso kwa mkono wenye damu iliyokauka. "Filme ilipoisha nikaenda kuzima groupe. Nikakanyaga damu mbele ya kumuona."

"Ulimgusa?"

"Nilimugeuza. Nilifikiri ameanguka."

Maelezo yalisimama vizuri, lakini yalisimama kwa mguu mmoja, yaani neno la Jules mwenyewe. Kama aliyosema ni kweli, Mbusa aliuawa katika nusu saa ya mwisho, wakati sauti ya Jules ikisikika kwenye maikrofoni na watu mia wakiwa mashahidi. Kama ni uongo, alimuua wakati wa wimbo, na jasho aliloliona Théogène lilikuwa la kazi hiyo. Na Théogène alikuwa ameisimulia filamu vizuri mno.

Barabarani hapakukalika. Wanawake walikuwa wanafunga mizigo bila mtu kuwaambia wafunge. Pikipiki mbili zilipanda kutoka bondeni, zikageuka katikati ya soko, zikashuka tena. Kila mtu alimuuliza mwenzake kuna nini, na kila mtu alijibu hakuna, huku akiangalia mlima. Béata alikwenda kwa haraka, akihesabu hatua kutoka mlango wa nyuma wa ukumbi mpaka stoo. Ishirini na tatu.

Mama Régine alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la mbele, kitenge cha msiba kimefungwa kiunoni, ukumbi mzima mtupu nyuma yake.

"Poleni, Mama."

"Asante ya kuja." Hakumtazama. "Wanasema Théogène amekuambia yote. Ni mutu wa kwenu, utamuamini. Lakini kwa hii, hata mimi namuamini. Yule Jules nilimulisha kwa sahani yangu."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa ku mulango."

"Théogène alikuwa benchi la tatu?"

"Batu mia, giza, banatoka kukojoa, banarudi. Mimi nilikuwa naangalia filme. Ndugu yangu anakufa kule, mimi nacheka huku!" Akajipiga kifua. "Nacheka, Mama OPJ! Unaelewa?"

Béata alielewa. Alimwacha alie, kisha akamwomba jambo moja: awashe jenereta, waiweke kaseti. Alitaka kupima wimbo mrefu kwa saa yake ya mkononi.

Picha ilikuja na mistari. Pwani, mchanga, wanaume wenye makoleo, wanawake wenye miavuli ya rangi. Bila sauti ya Jules filamu ilikuwa uchi. Waigizaji walizungumza kwa lugha ambayo Béata hakuipata hata kidogo. Hakikuwa Kifaransa, wala Kiingereza. Akasogeza mpaka kwenye wimbo, wasichana wenye manyoya kichwani wakishuka ngazi za hoteli. Dakika sita na nusu. Hatua ishirini na tatu kwenda, ishirini na tatu kurudi. Muda ulitosha kuua, na ulizidi.

Akaandika dakika sita na nusu. Kaseti iliendelea kuzunguka. Kwenye skrini wanaume walikuwa wanachimba tena, mmoja akarusha kofia juu.

"Hapo njo walifikia koltani," Mama Régine alisema kwa sauti ya usingizi.

"Nani?"

"Hao. Wanachimba wiki tatu, wanapata muchanga mutupu. Halafu yule wa kofia anafikia koltani. Ukumbi mzima walisimama juu ya mabenchi! Si unajua watu ya hapa."

"Mama, hao wanachimba misingi ya nyumba. Wanarudi kwao."

Mama Régine aligeuka na kumtazama kwa mara ya kwanza, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Nyumba gani? Ile kubwa ni kontware ya kununua mawe. Miavuli ni ya kuficha mashimo. Meli inakuja kubeba magunia, na yule muchimbaji anakataa kuuza kwa patroni mpaka amupe binti yake. Ni filme ya bachimbaji. Kila mutu wa Rubaya atakuambia."

"Imewahi kuonyeshwa hapa kabla ya jana?"

"Hata siku moja. Mbusa alikuwa anaikataa."

Béata alisimama. Hakuaga.

Alipofika kasho alikuwa anahema. "Jules. Ile filamu inazungumza lugha gani?"

Ile sauti nzito, safari hii ndogo, ilijibu: "Sijui, Mama OPJ."

"Hujui! Sasa unafasiri nini?"

"Naangalia batu." Alisogea kwenye mlango. "Kama niko Lushebere, naona batu bote ni bakimbizi, nasema hawa banarudia kwabo. Hapa Rubaya bote ni bachimbaji, nasema banachimba koltani. Kule Mubi bote ni ba shofere, naisema ingine. Picha iko moja tu. Usinifunge juu ya ile, nakuomba."

"Na jana? Hata mara moja ulisema nyumba?"

"Niseme nyumba kwa bachimbaji? Bangenitupia viatu."

Béata alicheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe, kisha hasira ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa amemwamini mtu kwa sababu alimsimulia ndoto ya mama yake. Mtu huyo hakukanyaga ukumbini jana. Alisoma jina la filamu kwenye ubao wa chaki nje ya mlango, akakumbuka aliyoyaona Lushebere alipopita na wapagazi wake, hata Jules kutoka wakati wa wimbo, akaja kuyatapika mbele ya muhuri. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu nusura aimalize, na aliyemsindikiza ni OPJ.

Ilikuwa saa tano na robo.

Saa sita kasoro dakika kumi lori lilikuwa linanguruma mbele ya soko, na wachimbaji walikuwa wameteremka kutoka mlimani, matope mpaka magotini, kuja kumwona Jules akipandishwa. Askari wawili walimshika mikono. Kapiteni Albert aliangalia saa yake, akaangalia mlima, akaangalia saa tena. Théogène alikuwa mstari wa mbele, ameegemea gurudumu, uzito wote kwenye mguu wa kushoto.

"Mama OPJ, umechelewa," kapiteni alisema.

"Bado dakika kumi. Naomba dakika tano za PV, maelezo ya maandishi." Béata alifungua daftari. "Kwa sheria shahidi anasomewa maelezo yake, anayathibitisha. Théogène, njoo hapa mbele."

Alikuja akiburuta mguu, anatabasamu.

"Jana ulikaa ukumbini toka mwanzo mpaka mwisho?"

"Toka mwanzo mpaka mwisho."

"Hujabadilisha?"

"Mimi sibadilishi, Mama."

"Uwaambie basi na hawa, maana wengine walikuwepo. Wale watu wa mchangani, walikuwa wanachimba nini?"

Théogène aliinua sauti ili kapiteni naye asikie vizuri. "Misingi ya nyumba! Bakimbizi banarudia kwabo, banajenga."

Kwanza alicheka mzee mmoja mwenye taa ya kichwani. Kisha soko zima. Walicheka kwa mikono juu, walipigana mabega, mmoja akapaza sauti, "Koltani, wewe! Si walifikia koltani!" na mwingine, "Na kontware je? Uliona nyumba gani, baba?" Béata hakucheka. Alimtazama Théogène usoni, akaona tabasamu likibaki mahali pake huku macho yakihama.

Kicheko kilikatika chenyewe. Mmoja baada ya mwingine walielewa walichokuwa wanakicheka. Mama Régine, aliyekuwa pembeni na kitenge chake cha msiba, alisogea hatua moja mbele.

"Nilichanganya," Théogène alisema. "Niliiona Lushebere pia. Nilichanganya."

"Umesema hubadilishi. Mguu wako, jiwe lilikuangukia shimo gani?"

"Ya... ya juu kule."

"Wewe?" yule mzee wa taa alisema. "Toka umekuwa mukubwa wa wapagazi, mwaka muzima, uliingia shimo gani? Bote yako hata matope haina."

"Vua bote," Béata alisema.

Hakuvua. Askari waliomshika Jules walimwachia bila kuamriwa, wakamlaza Théogène chini, wakalivuta. Ilitoka Thuraya imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, antena yake imemchubua ngozi ya muundi mpaka nyama nyekundu. Tangu jana nyumba zilikuwa zinapekuliwa moja baada ya nyingine, na yeye aliona hakuna mahali salama kuliko mguu wake mwenyewe.

Kapiteni aliichukua, akabonyeza, akasoma. Uso wake ulibadilika.

"Simu ya mwisho ni ya leo," alisema polepole. "Saa tatu kasoro robo."

Dakika chache baada ya muhuri kugongwa. Théogène alikuwa ametoka ofisini kwake moja kwa moja, akaenda mahali peupe penye anga, akawaambia majambazi wanaovizia njiani kwamba lori litatoka saa sita.

"Zima motere," kapiteni alimwambia dereva. "Zima! Hakuna anayeondoka." Kisha akamnyoshea Théogène kidole. "Huyu utanipa mimi."

"Huyu ni wangu," Béata alisema. "Ana PV, ana sahihi, na atafika mbele ya tribinali akiwa na viatu vyake vyote viwili. Andika kwenye ripoti yako kwamba OPJ alikataa."

Walitazamana. Kapiteni angeweza kumchukua, na wote wawili walilijua hilo. Lakini wachimbaji mia mbili walikuwa wanasikiliza, na askari wake walikuwa wameponea chupuchupu kuviziwa njiani. Aliitia Thuraya mfukoni, akageuka, akaanza kupiga kelele kuhusu walinzi wa barabara.

Mama Régine alimfuata Jules alipokuwa amekaa chini kando ya gurudumu. Hakumwomba radhi. Alifungua fundo la kitenge, akatoa kiazi cha kuchemsha, akamwekea mkononi, akasimama hapo mpaka akakila.

Alasiri Béata alimsindikiza Jules mpaka njia panda ya Masisi. Alikuwa na begi lenye kaseti na kipande cha shuka.

"Unaenda wapi?"

"Lushebere. Baliniita tena kwa Jumapili inayokuja. Banataka tu ile ile." Alirekebisha kamba ya begi. "Mama OPJ, ile maneno naisema uongo, najua. Kama unataka, nitabaambia ukweli. Ni hoteli tu. Watu wenye pesa banakuja kuoga maji ya bahari, banapendana, banaimba. Njo yote."

Mwezi wa tatu Béata alikuwa amepita kwenye nyumba yao kilimani akiwa kazini. Mabati yalikuwa yamechukuliwa, mlango umeng'olewa, ndani pamemea mahindi ya mtu asiyemjua. Mama yake alikuwa bado anauvaa ufunguo wa mlango ule shingoni, na tangu aione filamu alikuwa anausugua kwa mchanga kila asubuhi ili usishike kutu. Béata hakuwa amemwambia. Asubuhi nzima alikuwa amemkaba koo mtu kwa sababu ya uongo, na huu wake mwenyewe ulikuwa na miezi.

"Kuna mama mmoja hukaa mbele kabisa," alisema, "ana ufunguo shingoni."

"Namujua. Juu yake njo nilitia ufunguo mu filme."

Safari hii hapakuwa na daftari la kuinamia.

"Basi usibadilishe," alisema. "Hata neno moja. Na meli, ifike."

Jules aliitikia kwa kichwa, akatia begi begani, akaanza kupanda mlima. Béata alirudi ofisini kumalizia PV, na kwenye sehemu ya lugha ya filamu aliandika: haijulikani.